Jenereta Mbili Kwenye Nira Moja

Baba mpendwa,

Mwangaluka. Natumaini goti limepoa na mvua za kwanza zimefika Migato. Mimi ni mzima, ila huku melini ugali haupo, hivyo nashiba bila kuridhika.

Barua yako katekista aliiandika vizuri, mpaka pale uliposema unaniombea nishindwe majaribio ya miezi mitatu nirudi kulima, kwa kuwa maksai wetu Mabala na Dereva hawamsikii mtu mwingine. Mzazi gani anamwombea mwanawe afukuzwe kazi? Na Mungu alikaribia kukusikia.

Kazi yangu ni kuchunga jenereta mbili zinazobeba umeme wa meli kwa pamoja, kama maksai kwenye plau. Asubuhi moja mita ikaonyesha namba mbili inalegea. Nikafanya ulivyonifundisha: mmoja akichoka, mpunguze mwenye nguvu waende sawa. Nikaipunguza namba moja. Zote zikanywea, meli nzima ikazimika. Injinia mkuu, Mgiriki, akaja mbio, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu.

“Nani amekufundisha hivi?”

“Baba yangu.”

“Alikuwa kwenye meli gani?”

Nikamweleza habari za plau. Akasema nikizima taa tena, bandari inayofuata nashuka na sanduku langu. Niliogopa kweli.

Juzi mchana mita zote zilikuwa sawa, lakini nikasikia namba mbili inaguna vibaya. Unajua mwenyewe, ng'ombe huguna kabla hajachechemea. Nikawasha jenereta ya akiba, namba mbili nikaitoa kwenye mzigo. Mgiriki akaja amefura, ananionyesha mita. Nikamwomba tufungue kisanduku cha nyaya. Nati ilikuwa imelegea, na waya umeanza kuungua. Akaikaza nati mwenyewe, kisha akaenda kuniandikia mkataba wa miaka miwili.

Basi nimepita, baba. Nilifurahi, halafu nikaukumbuka msimu wa kulima, furaha ikapungua.

Msalimie mama, dada yangu aliyeolewa Malampaka, na katekista, asiruke maneno anaposoma.

Nimemkabidhi baharia wa Mwanza kaseti. Upande wa kwanza nawapigia mluzi Mabala na Dereva na kuwaita majina. Ile redio ya kaseti uliyonunua Bariadi maduka yalipoanza kujaa vitu, mtu atembee nayo nyuma ya plau. Upande wa pili usiupige shambani. Humo nawaamkia wewe na mama, sauti yangu inakatika, na maksai wakiisikia watasimama.

Mwanao ambaye hakufukuzwa,
Masanja