Namba Nyekundu Ukutani

Jumatano

Na wala sikumdanganya mama. Nilinyamaza tu.

Asubuhi afisa wa mipango miji alikuja kukagua nyumba yetu hapa Mabatini, akaandika namba ukutani kwa rangi nyekundu, akaondoka. Maana yake ombi langu limepokelewa: nikiibomoa nyumba hii kuukuu na kujenga ya kisasa, jiji litanisamehe ada ya kibali cha ujenzi. Niliomba mwenyewe. Baba aliniachia hati, na saini kwenye fomu ni yangu.

Mama sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nasubiri siku nzuri.

Sasa mtaani kwetu rangi nyekundu ukutani ina maana moja tu, kwamba unabomolewa kwa nguvu. Niliporudi kutoka kazini nikakuta majirani wamejaa kibarazani wanampa mama pole. Mmoja kaleta na uji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeona walivyotufanya?”

Nikafungua mdomo nimweleze. Akanishika mkono.

“Usiumie, mwanangu. Serikali ikishaamua, sisi ni nani? Mawe ya msingi baba yako aliyabeba kichwani kutoka mlimani, lakini hata yeye asingekulaumu.”

Nikajibu, “Ndiyo, mama.”

Paa linavuja, nyufa zinapitisha kidole. Sijutii kuomba. Ila...

Jioni alianza kufunga vyombo vyake. Sasa hivi nimemsikia chumbani kwake akisali kwa sauti, anamwomba Mungu amsamehe aliyetia saini karatasi hiyo, yeyote yule.