Nduma ya Saa Kumi

Jumatatu, 10 Juni 1996

Uji wa wimbi, kikombe kimoja, saa kumi na mbili na nusu. Mahakamani saa tatu. Kesi ya mlinzi wa ghala imeahirishwa tena. Aya nne, ukurasa wa ndani.

Saa nane hospitalini. Majibu yametoka: figo yangu inamfaa Wekesa. Uzito wangu ndio haufai. Kilo tisini na saba. Daktari hampasui mtoaji mwenye uzito huo. Anataka themanini na nane kufikia Jumatatu ya tarehe tisa Septemba. Nikikosa, nafasi yetu inakwenda kwa wengine nasi tunarudi mwisho wa foleni, mwaka ujao. Nilimuuliza kama ndugu yangu atafika mwaka ujao. Akafunga faili. Nimeona mahakimu wakifunga faili namna hiyo.

Maagizo, neno kwa neno: "Acha ugali, wali, mkate, chapati na vitu vya namna hiyo. Kula mboga, mayai, nyama kidogo, maharagwe." Nimeandika na kupigia mstari.

Kilo tisa, wiki kumi na tatu. Tulizaliwa wanne, tumebaki wawili. Naogopa.

Jumatano, 12 Juni

Jioni ya tatu bila ugali. Sukuma wiki, mayai mawili, maharagwe.

Bado naishi katika nyumba ileile ya mtaa wa Jericho, Nairobi, tulimolelewa. Kuta nyembamba. Saa moja jioni miiko huanza kugonga sufuria mstari mzima wa nyumba, na mtu asiye na saa anajua ni wakati gani. Mama alisonga hapa, nilipoweka kiti changu cha kuandikia. Akimaliza kupakua, sisi wanne tuliitazama sufuria. Ukoko. Wekesa ndiye aliyekuwa mdogo, na ndiye aliyeupata kila siku, kwa kulia au kwa kuiba. Mama alijifanya haoni.

Sufuria yangu leo nimeisafisha kwa maji kidogo tu. Hakuna cha kukwangua.

Jumatatu, 24 Juni

Tisini na nne. Kilo tatu kwa wiki mbili! Daktari ametabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Sasa natoka kazini kwa miguu hadi nyumbani, Jogoo Road yote. Vijana wa kona wamenizoea. Leo mmoja amenipigia kelele: "Mathe, pole pole! Kanjo wameenda lunch!" Wenzake wakaangua kicheko. Kweli natembea kama mchuuzi anayetoroka askari wa baraza la jiji. Nimecheka pia, nilipofika mbali.

Saa kumi na nusu nilipitia kwa Mama Ndinda, jirani yangu anayeuza nduma, yaani magimbi, na mahindi ya kuchemsha langoni mwa soko. Nduma ya kushikilia tumbo, kama kawaida.

Alhamisi, 4 Julai

Tumbo limejaa hewa. Gumu kama mpira wa ngozi. Leo hakimu alipokuwa kimya akisoma hukumu, likanguruma kwa muda mrefu. Mshtakiwa aligeuka kunitazama. Akasahau shida zake kidogo.

Sketi iliyonitosha mwezi wa tano sasa haifungi. Nimetoboa tundu jipya kwenye mshipi, upande usiotakiwa.

Nimekula kabichi na maharagwe mchana, nikanywa maziwa lala. Uji asubuhi. Hindi la kuchemsha njiani, maana njaa ilikuwa inanitetemesha. Mama Ndinda amenipa kipande cha tangawizi nitafune. "Mama Gazeti," akasema, "hilo tumbo lina habari, liandike." Yeye ni wa Machakos, ana maneno.

Jumatatu, 8 Julai

Tisini na tatu na nusu. Nusu kilo kwa wiki mbili.

Jumatano, 17 Julai

Wekesa huenda kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Leo nilikaa naye. Muda wa saa nne. Kiwanda alichokifanyia kazi miaka kumi na minane kilishamweka mtu mwingine mahali pake. Hakulalamika. Alitaka tuzungumze juu ya bomba la maji la mtaani, zamani, jinsi tulivyopanga ndoo na yeye akalala ndani ya karai letu kulinda nafasi. Nilikuwa nimesahau karai. Lilikuwa na kiraka cha bati la mkebe wa samli.

Uso wake umevimba. Miguu pia. Miaka arobaini na mitatu, na mkono wake ukishikwa unabaki na alama ya vidole.

Hakuuliza juu ya kilo zangu. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Jumatatu, 22 Julai

Tisini na nne. Imepanda.

Daktari alinitazama. "Mama, unakula nini hasa?"

Nimekaa mahakamani miaka ishirini na miwili nikisikiliza watu wakiulizwa maswali yenye neno "hasa". Najua maana yake. Nikamjibu kwamba sijagusa ugali tangu tarehe kumi Juni, wala wali, wala mkate, wala chapati. Kweli tupu. Ningeapa.

Akaandika kitu. Naweza kusoma mwandiko ulio juu chini; kazi ilinifundisha. Aliandika: Hafuati maagizo.

Nina hasira hadi mikono inauma. Sijawahi kuitwa mwongo kwa maandishi.

Jumamosi, 27 Julai

Niandike hili kwa mpangilio.

Saa tisa unusu nilitoka kwa Mama Ndinda na nduma nne, zimefungwa katika gazeti letu la Alhamisi. Nikatembea hadi Mbotela, kwa Wekesa. Wifi alikuwa amekwenda kusuka. Wekesa alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Yeye amekatazwa nduma kwa sababu ya figo, kwa hiyo sikumkaribisha. Nilikaa, nikafungua gazeti, nikaanza kumenya.

"Felista. Hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Si daktari amekukataza?"

"Amenikataza chakula. Hii si chakula, ni ya saa kumi."

Aliitazama nduma mkononi mwangu. Nikaendelea kumenya. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi pumzi ikamwishia na nikalazimika kumwinua mgongo. "Dada yangu," akasema, "wewe ndiye unayewaandika watu magazetini?"

"Na asubuhi unakula nini?" akauliza alipoweza.

"Sili. Nakunywa uji."

Akaanza tena.

Kwetu ndivyo ilivyo. Saa kumi Mama alitugawia nduma, au viazi vitamu, au hindi, tukala hadi tukashiba. Mgeni akipita saa kumi na mbili akiuliza habari, Mama alimjibu bila kupepesa macho: watoto hawajala. Hakuwa anadanganya. Hadi ugali uwekwe mezani, hakuna aliyekula. Mjomba alikuja kutoka Bungoma mwaka mmoja, akalishwa viazi mchana kutwa, akarudi kuutangazia ukoo mzima kwamba Nairobi alilala njaa. Mama aliona haya miaka mingi.

Nimelelewa hivyo, na kwa wiki saba nimejaza wanga tumboni huku nikijua kwa dhati kwamba sili.

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili. Uji, tarehe kumi Juni, mstari wa kwanza kabisa. Nduma, tarehe ishirini na nne. Hindi, tarehe nne Julai. Ushahidi wote kwa mwandiko wangu mwenyewe. Na tarehe ileile ya kwanza: "na vitu vya namna hiyo." Wanafunzi wa kazi wanaoletwa kwangu nawafundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Mtu akisema "na kadhalika", muulize: kama nini? Sikuuliza.

Jumapili, 28 Julai

Wiki saba zimekwenda. Zimebaki sita. Kilo sita.

Sikwenda kanisani. Nimejichukia kutwa.

Jioni nilimweleza Mama Ndinda kwa nini sitanunua kwake tena kwa muda. Akashika kiuno. "Nduma si chakula? Mimi nimesomesha watoto wanne kwa kitu ambacho si chakula?"  Akanisukumia fungu la mchicha bila kunitazama, kisha akasema niondoke mbele ya wateja na hilo tumbo langu.

Jumatatu, 5 Agosti

Tisini na mbili. Uji hakuna, nduma hakuna, hindi hakuna. Maharagwe nimepunguza, maziwa lala nimeacha. Hewa imetoka. Nimeinama kufunga viatu bila kuugulia.

Nilimweleza daktari yote. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akaniomba radhi. Sikulitarajia hilo, nikaangalia dirishani. Akaandika. Juu chini: Waulizwe wagonjwa wote wanachokula saa kumi.

Alhamisi, 15 Agosti

Saa kumi ndiyo saa mbaya. Ugali nimezoea kuukosa. Ila saa kumi mwili unangoja kitu ambacho hakina uhusiano na njaa. Moshi wa jiko la makaa. Mama ameketi kwenye kigoda mlangoni, anamenya nduma ya moto akiihamisha mkono huu na huu, anapuliza vidole. Sare zetu za shule zimeanikwa. Redio ya jirani. Wekesa anakuja mbio kutoka uwanjani, goti limechubuka, anadai kubwa.

Wote waliokuwa mlangoni hapo wamekwenda, isipokuwa mimi na yeye.

Leo nimekunywa maji, glasi mbili, nikakaa hadi ikafika saa kumi na moja.

Jumatano, 21 Agosti

Wekesa amelazwa tangu jana. Maji kwenye mapafu. Anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Wifi ameketi kwenye ngazi za wodi na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hajui alikivua lini.

Daktari hakufunga faili leo. Alisema tarehe tisa ni lazima.

Nimetembea hadi nyumbani, nikageuka, nikatembea hadi Mbotela bila sababu, nikarudi.

Jumatatu, 26 Agosti

Themanini na tisa na nusu. Wekesa ametolewa oksijeni.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilivua saa, mshipi, viatu, hereni. Mwuguzi akasema hereni hazina uzito. Nikavua.

Themanini na nane na robo.

Nilimwona daktari akiitazama ile robo. Nilitaka kumwambia kwamba nitatembea kuzunguka hospitali mara tatu kisha nirudi. Akaandika themanini na nane. Katika maisha yangu nimewasahihisha watu kwa kosa dogo kuliko hilo.  Nilivaa viatu vyangu.

Nje, chini ya ukuta wa maegesho, nililia kama dakika mbili. Halafu nikaenda mahakamani. Mlinzi wa ghala ameachiliwa.

Jumapili, 15 Septemba

Mama Ndinda amekuja na kapu. Mayai sita na mchicha. Hajasema nduma ni nini wala si nini. Mlangoni akageuka: "Ukipona nitakupikia isyo, mahindi na maharagwe. Utakula, na utaniambia umekula."

Nimemwahidi.

Alhamisi, 19 Septemba

Wodini. Asubuhi. Dirisha linatazama mashariki. Paa za mtaa zinaonekana, si zetu lakini zinafanana. Moshi kidogo.

Mwuguzi amekuja na fomu. Je, umekula chochote tangu jana jioni? Hapana. Nikaongeza bila kuulizwa: wala uji, wala nduma, wala hindi. Akatabasamu, akaweka alama.

Wekesa yuko wodi ya pili. Hatukuruhusiwa kuonana. Amemtuma wifi na ujumbe, naye amenipa kama alivyopewa: "Mwambie dada, tukitoka humu ukoko ni wake."

Miaka arobaini na mitatu. Hajawahi kuniachia.

Wanakuja na kitanda cha magurudumu. Naweka kalamu.