Mikono ya Mchawi wa Mvua

Jumatatu, 8 Novemba 1909

Barua ya mhariri imefika asubuhi. Picha zangu zote kumi na moja zimepokelewa, za hadithi ya mchawi aliyeifungia mvua ndani ya chupa. Ile ya mchawi mwenyewe anaitaka ukurasa wa mbele, kwa rangi. Ameirudisha niipake. Chini kaandika: mikono hiyo, Bi Pennock, umeitoa wapi?

Nilifurahi. Kwa muda wa kupanda ngazi tatu nne hivi. Halafu aibu ikanivaa.

Nimeitoa jikoni kwetu. Mwezi wa tisa, mchana, Mama alikuwa amesinzia karibu na jiko, glavu zake za sufu ziko mapajani. Glavu hizo havui mbele ya mtu, hata mezani. Mwaka wa tatu huu. Mama, aliyekuwa akichora sura za watu juu ya kipande cha pembe ya ndovu kisichozidi kifungo cha koti — ukope kwa ukope — mpaka baridi yabisi ilipomkunja vidole. Hatulizungumzii jambo hilo humu ndani. Mimi nikachukua penseli. Nilichora mbiombio kama mwizi, kila kifundo, kila uvimbe, kisha nikamvika mchawi.

Pete ya ndoa sikuichora. Nilijiambia bila pete si yeye.

Jumanne, 9 Novemba

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Kifungua kinywa. Baba kaacha kusoma gazeti (siku hizi anachora jaji mwingine, wa tano mwaka huu, na anatafuta kila sababu ya kutopanda juu kummalizia). Akasema kaka yangu Wendell kamwambia mchawi wangu ana mikono ya haja. Ni ya nani?

Mama alikuwa anamimina kahawa, mikono miwili kwenye birika, na glavu zake.

Nikasema ya Bi Dolan, dobi. Limenitoka kama chafya.

"Basi Ijumaa akija mpe kipande cha keki," Mama akasema. "Kukaa bila kujitikisa ni kazi."

Kahawa sikuimaliza.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimejaribu kuibadilisha mikono. Nimechora yangu mbele ya kioo, nikaizeesha kwa wino. Imetoka kama mikono ya biskuti. Nimejaribu mara nne. Ile ya kwanza ni hai, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi — kwamba naujua uzuri wake, na nautaka ule ukurasa wa mbele.

Ijumaa, 12 Novemba

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia mezani Jumanne, imeishia leo mlango wa jikoni.

Bi Dolan kaja na kikapu cha nguo. Baba kashuka mwenyewe kumpongeza! Akamwomba amwonyeshe ile mikono maarufu.

"Mikono yangu, Bwana Pennock? Mume wangu mwenyewe hajaiulizia miaka ishirini." Akainyoosha. Myekundu kwa sabuni, vidole vimenyooka kama mishumaa.

Baba akamwuliza alikaa siku ngapi kuchorwa.

"Mimi nikae? Nikikaa, mashuka yenu atafua nani?"

Baba akacheka naye. Mlango ulipofungwa akaacha kucheka. Akanitazama, akatazama kiti kilicho karibu na jiko. Kitupu, lakini mto bado umebonyea.

"Kesho Jumamosi," alisema. "Ile picha usiilete."

Basi. Afadhali angenifokea. Keki nilimpa Bi Dolan hata hivyo, naye akaila akishangaa.

Jumamosi, 13 Novemba

Lazima niandike kabla sijaanza kujitetea.

Jumamosi hapa kwetu hakuna anayesamehewa. Tukishamaliza supu ya chaza, kila mtu huleta kazi yake ya wiki sebuleni na kuielekeza kwenye kioo kikubwa. Picha ikiwa kinyume, kosa hujitoa lenyewe, maana jicho lililozoea husitiri. Aliyechora haruhusiwi kusema neno mpaka wengine wote wamalize. Ni sheria ya babu. Neno la mwisho ni la Mama. Hata alipoacha kuchora hatukumvua cheo hicho.

Baba alileta jaji, akaambiwa sikio moja limehama. Wendell alileta mto Schuylkill wenye ukungu, Mama akasema ukungu ni mzuri ila aache kuutumia kuficha miti asiyoijua. Mimi nilileta sungura.

"Sungura!" Wendell akasema. "Mchawi wa ukurasa wa mbele kamfungia juu, sisi anatuletea kitoweo." Hajui kitu, maskini. Kabla sijanyanyuka alikuwa keshapanda ngazi mbili mbili na kushuka nayo. Kaiweka mapajani kwa Mama. Baba akakohoa. Wendell hajawahi kuelewa kikohozi cha mtu.

Mama akavua glavu. Alisema sufu inateleza kwenye karatasi. Akaiinua picha kifuani, akaielekeza kwenye kioo.

Ndani ya kioo mlikuwa na mikono minne.

Wendell alikuwa ameanza kusema kitu juu ya kivuli cha chupa. Akaishia katikati ya neno. Na mimi sheria ilinifunga mdomo, na nilishukuru kufungwa. Hilo nalo niliandike.

Mama alitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akitazama kazi zake.

"Kidole gumba umekipendelea," alisema. "Kimenyooka mno."

Akavaa glavu, moja, halafu ya pili. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Na pete umenivua."

Jumapili, 14 Novemba

Sikwenda kanisani. Uso ningeuweka wapi?

Saa tatu nilisikia hatua kwenye ngazi, polepole, na kupumzika kila baada ya ngazi mbili. Mama hajapanda chumba changu cha kazi tangu mwaka juzi. Kaingia na chupa ya siki kutoka jikoni. Kakaa kwenye kiti cha dirishani, kavua glavu, kaishika chupa kama mchawi wangu anavyoishika yake.

"Mwanga ndio huu," alisema. "Anza na kidole gumba."

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia nilimwibia akiwa usingizini.

"Sikuwa usingizini."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Vinnie, katika nyumba hii nani asiyeijua sauti ya penseli? Nilikaa kimya. Hata mkono ulipouma sikuusogeza." Alikuwa anaitazama chupa, si mimi. "Nilidhani unanichora mimi."

Nikakumbuka keki. Kukaa bila kujitikisa ni kazi. Alinimiminia kahawa huku anajua. Na tangu mwezi wa tisa, kila Jumamosi, alikuwa anangoja nimwonyeshe.

Nililia. Akasema machozi yanachafua karatasi, na kwamba huruma huharibu mstari kuliko machozi. Nikachora. Kidole gumba alikisema kweli, kimejikunja ndani kabisa. Hakulalamika hata mara moja. Nilipoona vidole vinatetemeka kwenye shingo ya chupa nikamletea beseni la maji ya moto. Mikono imo humo sasa. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Karatasi iko mbele yangu. Vidole vyote viko tayari, bado cha pete tu. Pete yenyewe haivuki tena kifundo, imezama. Nikiichora, mtu yeyote wa nyumba hii na nusu ya mtaa atajua. Nisipoichora — nimeshafanya hivyo mara moja.

Nimemuuliza. Mama, pete niiweke?

"Inategemea unamchora nani," amesema.

Mvuke umekwisha kwenye beseni. Anaitoa mikono, anaifuta kwa aproni, mmoja baada ya mwingine. Chupa ameishika tena. Ananingoja.