Bolti Zilizoisha

Jumatatu, 10 Juni
Siku ya tatu ndani ya ghala la mpunga la wakulima, hapa Ifakara. Lote la mbao, na ghorofa nzima ya kupanga magunia. Kazi yangu ni kusema kama litasimama ardhi ikitetemeka. Nguzo nzima, mchwa hawajazigusa. Maungio ya chini nimeyafungua: bolti nene, safi. Ya juu yamezibwa kwa mbao. Michoro hakuna. Wa kumuuliza ni fundi aliyelijenga, yuko Lupiro. Kasiani. Nilijua tangu napewa kazi. Ndiyo sababu niliipokea. Aibu.

Jumanne, 11 Juni
Nimempigia. Miaka kumi na minne. Nilikwenda kusoma Dar, nikaahidi kurudi, sikurudi. Akaoa. Simlaumu. Kesho atakuja. Sauti ileile. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 12 Juni
Kaja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mbele ya watu akaniita "Injinia." Imeniuma. Tulipanda ghorofani. Akakaa juu ya boriti, akasema:
"Happy, huku juu bolti ziliisha. Nilipiga misumari. Nikasema nitarudi kurekebisha."
"Ukarudi?"
"Sikurudi."
Nilikuwa karibu kuandika kwamba maungio yote ni mazima. Angenyamaza, ningeondoka. Nimempenda upya, pale pale, kama mjinga.

Alhamisi, 13 Juni
Tetemeko. Dogo, saa nne asubuhi. Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga wakatoka mbio. Boriti moja imechomoka upana wa kidole. Hakuna aliyeumia. Nimefunga ghorofa.
Mwenyekiti wa wakulima kanijia juu: "Sasa mpunga wa watu tuuweke wapi, mama?" Wakulima wa Idete wameshafika na magunia. Kasiani, aliyerudi asubuhi na zana zake, akasimama mbele yao. "Kosa ni langu. Injinia hana hatia." Mmoja akamtukana. Tumekubaliana magunia yakae chini, yasipangwe juu sana, mpaka matengenezo yaishe.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Tunatia bolti, na mbao za mshazari kila kona ili jengo lisiyumbe. Yeye anatoboa, mimi nakagua. Hatuzungumzi mambo ya zamani. Natamani aanze. Naogopa aanze.

Ijumaa, 21 Juni
Mkewe kaja na wali na samaki. Binti mpole. "Shikamoo dada." Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikala nikashiba. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la mbao. Akanipa kanga nijifute.

Jumamosi, 22 Juni
Bolti ya mwisho imeingia saa tisa. Nimeandika: ghorofa itumike. Kasiani kanipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akaondoka. Watu wameanza kupandisha magunia. Jua linashuka na mbao zinapoa, zinalia taratibu, moja baada ya nyingine. Nimekaa nazisikiliza.