Hooyo Amelala

Walaal Abdi,

Assalaam aleikum. Natumai hapo Iftin mabomba yana maji na mbuzi wa jirani wamepata haya. Mimi ni mzima. Hata nikisema mgonjwa utawatangazia watu kwamba ni mzima, kipaji hicho unacho. Naandika kwa Kiswahili ili Abti, mjomba wetu mpendwa, asisome juu ya bega lako.

Huku Marekani bado namtunza yule bibi mzungu. Zamani, televisheni ilipokuwa kitu kipya, yeye na dada yake waliimba na kucheza katika kipindi cha vichekesho. Kilirushwa moja kwa moja kila wiki, na karibu chote kilipotelea hewani. Imebaki sehemu moja tu, nyeusi na nyeupe: mume na mke wanagombana kwa sababu ya kuku aliyeungua, kisha, badala ya talaka, wanaimba. Tunaitazama kila asubuhi. Bibi hucheka kabla mzaha haujafika. Ikiisha huuliza, "Dada yangu yuko wapi?"

Dada alikufa miaka mingi iliyopita. Binti wa bibi alinifundisha jibu: "Mwambie amelala." Nalisema kila siku, na tabasamu juu.

Sasa, Abdi. Ijumaa ya kwanza nilipopiga simu ulisema, "Hooyo amelala." Nikaamini. Ijumaa ya pili, "Amelala, abaayo, dada yangu, amechoka." Mama yetu, aliyetuita mizoga tukisinzia mchana! Ya tatu simu akaishika Abti: "Amelala, mpwa wangu. Wewe fanya kazi." Nikakusikia nyuma yake ukicheka, na hakuna aliyekuwa amesema la kuchekesha. Hiyo sentensi ndiyo kazi yangu, Abdi. Mliniuzia maziwa ya ngamia wangu mwenyewe. Nikauliza, "Alizikwa lini?" Simu ikakatwa.

Najua desturi: aliye mbali haambiwi msiba mpaka apatikane mtu wa kukaa naye. Mlimtafuta nani? Hata jamaa wa mbali kule Sangailu wamekuja, wamesoma khitma, wamekula, wamerudi. Mimi hapa nakata kucha za mama wa watu.

Jana bibi aliuliza tena. Nikamwambia kweli: "Alikufa, bibi." Akasema, "Nani alimvisha?"

Basi niandikie. Nani alimwosha Hooyo? Aliniulizia? Mlimwambia nini, kwamba nimelala?

Nisalimie habaryar, mama mdogo aliyetulea. Yeye simlaumu, simu hamkumpa. Abti naye msalimie. Mwambie nimeamka.

Dada yako,
Habiba