Nilimshika Mkwe Wangu Mkono Katika Bustani ya Jangwani

Mpendwa mshauri Jepkoech,

Naomba msaada wako, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu hapa Tuwan, Kitale, ninakoishi nimeshachoka kujicheka na kujililia mwenyewe. Mimi ni mjane, mwalimu wa chekechea niliyestaafu, Mbukusu wa Tongaren, na binti yangu wa pekee Nangila ameolewa na Bramwel, kijana wa kwetu vilevile, ambaye ni msimamizi wa bustani katika hoteli moja ya jangwani, ukishapita Lodwar. Wewe si wa kwetu kwa hivyo nikueleze: kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawashikani mkono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani kila mtu anatafuta upande wake, na hiyo si chuki bali ni heshima, na mimi na Bramwel tumeilinda tangu harusi, hata nikienda kwao yeye hutokea mlango wa nyuma.

Sasa hoteli hiyo huruhusu wafanyakazi kuleta wazazi wao wakati hakuna wageni wengi, na Nangila, ambaye wakati huo mimba yake ilikuwa ndogo, akasema, "Mama, tangu Baba afe hujapumzika hata siku moja, si twende tu?" Nikauliza je, Bramwel? Akaniambia yeye atalala kwenye nyumba za wafanyakazi na hatafanya kazi upande wetu, na kila nikitaka kutoka nje Nangila atampigia simu ajifiche. Basi nikakubali, na nikuambie ukweli mshauri, sijawahi kuona mahali kama pale. Nyumba ni za udongo na zina baridi ndani bila mashine yoyote, hakuna televisheni, watu wanatoka ng'ambo kuja kusikiliza ndege tu! Na katikati ya mchanga ule, mahali ambapo mahindi yetu ya Tongaren yangekata tamaa yakiwa bado kwenye gunia, kuna bustani yenye maua mekundu, mitende, mboga, na miti ya harufu, vyote vinakunywa maji yaliyokwisha kuogewa, na kila nilichokisifu Nangila alisema, "Hiyo ni ya Bramwel, Mama."

Halafu wakanipeleka spa. Nilikuwa naogopa, nikafikiri akina mama wa kanisa watasema nini wakinisikia nimelala kwenye kitanda nikikandwa na mafuta, lakini msichana aliyenikanda, Cherono, aliweka mikono mabegani mwangu akauliza, "Mama, umebeba nini hapa?" nami nikaanza kulia kama mtoto, kwa sababu tangu mume wangu, marehemu Wangila, aondoke hakuna mtu aliyenigusa mgongo, na sikuwa najua kwamba ninaukosa mkono wa mtu. Akaniacha nilie. Akanipaka udongo uso mzima, akanivika lile koti zito la taulo, akaniambia nipumzike mpaka udongo ukauke.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nangila alikuwa amelala, mimi nilikuwa na furaha, nikaona mlango wa nyuma uko wazi na bustani iko pale, nikatoka bila kumwamsha na bila miwani. Kwenye kijia nikamkuta mfanyakazi ananyunyizia maji, amevaa kofia na amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Akasema kwa Kiingereza, "Welcome, madam," akachuma jani la mti wa harufu, akaniwekea kiganjani na kunifinya mkono kidogo ili jani litoe harufu, kama anavyowafanyia wageni wote. Nami kwa ile furaha nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili nikasema, "Asante sana mwanangu, Mungu akubariki!"

Mshauri, yule mtu aliganda. Akasema, "Uwi! Mayi!" yaani mama kwa Kibukusu, na hapo nikajua ni Bramwel; akatupa mpira wa maji, akakimbia kupitia kwenye miiba ya alovera yake mwenyewe, na mpira ukabaki ukinimwagia maji mpaka udongo wote ukateremka shingoni.

Nilijifungia chumbani sikula. Asubuhi nikamwambia Nangila naumwa tumbo, nikarudi Kitale na gari la hoteli linalokuja kuchukua mboga. Wakati wa kupanda gari, dereva akanipa katoni kutoka kwa Bramwel, ndani yake miche miwili, wa alovera na wa ule mti wa harufu, imefungwa kwa gunia bichi. Nikaelewa kwamba ananiambia chukua vyako uende. Niliiacha barazani na jirani ndiye anayeimwagilia. Tangu siku hiyo Bramwel hajanipigia simu hata mara moja kwa hivyo najua amekasirika, na mimi simu za Nangila nimekuwa nikizikwepa.

Sasa Nangila yuko karibu kujifungua. Anaishi karibu na Kibabii anakofanya kazi, na Bramwel atakuja kwa likizo. Juzi Nangila alinipata kwa simu ya jirani akasema, "Mama ukuje, mimi nakutaka wewe." Lakini wifi yangu Nakhungu wa Tongaren, baada ya mimi kumweleza kila kitu, aliniambia, "Huo mkono usiguse mutoto bana! Ati ulishika mukwe ukiwa na koti la kuogea? Ngozi ya huyo mutoto itahalibika." Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Nataka kumbeba mpaka mikono inauma. Je, niende au nikae mbali nisimdhuru? Na je, ni dhambi kwamba bado natamani kurudi kule jangwani?

Mama Nangila, Tuwan, Kitale

*

Mama Nangila,

Umeniomba nisicheke. Nimeshindwa. Nilipofika kwenye ule mpira wa maji nilitoka nje ya ofisi. Nisamehe, halafu unisikilize vizuri, kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Unasema mkwe wako amekasirika kwa kuwa hajakupigia simu. Amewahi kukupigia lini? Mtu aliyetokea mlango wa nyuma miaka yote hii ili asikukosee heshima, leo unataka akupigie akuulize habari ya asubuhi, tena baada ya kuona aibu kama ile? Kukaa kwake kimya ni heshima ileile uliyoisifu mwenyewe mwanzo wa barua yako.

Na ile miche. Mama, wewe ni wa Tongaren, umezaliwa na watu wa shamba. Mtu akitaka kukufukuza anakufungia alovera kwa gunia bichi ili isife kwenye jua la Turkana? Huyo kijana hawezi kukutazama usoni, hawezi kukuandikia, kwa hivyo amekupa kitu anachokijua kuliko vyote, tena alichagua ule mti ulioufurahia. Alikuwa anakuambia yaishe. Wewe ukamwachia jirani kazi ya kumwagilia! Hapo nimekasirika kidogo, na sitaki kuficha.

Kuhusu mila sitakudanganya. Mimi ni Mkalenjin, na sitakaa kwenye kiti changu kukwambia mila ya Wabukusu haina maana. Nimempigia mzee Wakoli wa Bungoma, ambaye hutusaidia na maswali kama haya. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema kwamba mkono uliotolewa bila kujua si sawa na mkono uliotolewa kwa dharau, na kwamba kila ukoo una namna ya kulimaliza jambo la aina hii mbele ya wazee. Hakusema popote kwamba mtoto ataharibika ngozi. Hilo ni la Nakhungu, na wewe ulikosea kumpelekea habari hizi. Kuna watu wa kuambiwa mambo ya spa na kuna watu wa kunyimwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Leo, kabla hujapika, mpigie Nangila na umweleze ukweli wote, kwa sababu mpaka sasa anafikiri mama yake anamkimbia. Yeye ndiye atakayemwambia Bramwel kwamba umefurahia miche. Halafu tuma mjumbe kwa wazee wa pande zote mbili wapange siku ya kulimaliza, na isipangwe baada ya mtoto kuzaliwa, ipangwe wiki hii. Kuhusu paa moja, Bramwel akija likizo alale kwa ndugu au rafiki. Ameshazoea kukupisha, hatakufa kwa kukupisha tena. Wewe ukae na binti yako.

Na usiniulize tena kama ni dhambi. Mwanamke aliyezika mume, akasomesha watoto wa watu, akabeba mabegani vitu ambavyo hata yeye mwenyewe hakuvijua, amelia kidogo kwenye kitanda cha spa. Mungu gani atakasirikia hilo? Mtoto akishakuwa mkubwa wa kusafiri, rudi kule jangwani. Ila uende na miwani, na umwamshe Nangila kwanza.

Sasa nikuulize mimi. Najua kwenu, kama kwetu, mtoto mchanga akilia sana hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamazie mojawapo. Siku hiyo nyumba itajaa watu wa upande wa Bramwel na majina yao. Wewe ukiwa umejifungia Tuwan, ni nani atakayemwinamia mtoto huyo amtajie Wangila, kwa sauti ileile ambayo Wangila mwenyewe alikuwa akiiitikia? Funga mzigo, Mama.

Jepkoech