Sahani Ikirudi Imejaa

Nyumba ya tanuri,
Nyuma ya kanisa,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo huko ugenini? Mgongo umeachia, au bado unaubembeleza kwa maji ya moto? Sisi ni wazima wa mwili. Roho ndizo zilizougua, na ndiyo maana nimekuwa kimya muda wote huu. Usininunie.

Dada, ile harusi ya kanisani tuliyoipelekea mikate iliingia shubiri. Watu walitapika, wengine wakalazwa. Vyakula vilikuwa vya kila aina, lakini midomo ya watu ikaangukia mkate wa shemeji yako. Bwana afya akaja kuchukua unga na maji akapime. Majibu mpaka leo kimya. Yeye hakutufungia duka. Watu ndio waliotufungia. Wakikaribia dirisha letu wanavuka barabara, utadhani tanuri litawauma.

Shemeji yako amenyong'onyea. Anaoka, hakuna anayenunua, tunakula wenyewe na watoto, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mimi unanijua, mdomo wangu hauna breki: nilimwambia Mungu waziwazi kwamba nimechoka kuaibika. Kisha nikamwomba radhi, maana sina pengine pa kwenda.

Basi juzi Mchungaji akaja kuagiza mkate wa Meza ya Bwana, kama kawaida yake. Shemeji yako akakataa katakata. Nikadakia, "Utaupata, Mchungaji." Weee! Alipoondoka tulizozana mpaka makoo yakakauka. Mwishowe mwenzangu akaoka, ila akaapa: "Sahani ikirudi imejaa, hili tanuri nalibomoa." Jana hakuja kanisani. Nilimwacha amekaa mbele ya tanuri, nyundo mapajani.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Mchungaji akamega mkate, akala wa kwanza, sahani ikaanza kupita. Benchi la mbele wakapokezana bila kugusa, macho chini. Dada, masikio yaliniwaka moto! Nikasema moyoni, Bwana, hata wakikataa mimi ni wako, lakini yule mtu wangu na nyundo yake umhurumie.

Sahani ikamfikia Bibi Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Baada ya ile harusi, yeye ndiye aliyezidiwa kuliko wote, mpaka tukadhani tunamzika. Akaishika, akasimama, na kwa ile sauti yake ya chumba cha uzazi akasema, "Niliyelazwa ni mimi. Nyinyi mnaogopa nini?" Akatwaa kipande, akala. Halafu ukanyooshwa mkono mmoja, na mwingine. Hata wale wa mbele wakaomba sahani irudi kwao.

Iliponifikia mimi, haikuwa na kitu. Mke wa mwokaji nimekosa mkate! Nililia mpaka jirani yangu akanipa leso yake.

Nilirudi nyumbani mbio, nikakikung'uta kitambaa cha mkate mbele ya shemeji yako.

"Umeutupa wapi?" akauliza.

"Wamekula. Wote. Mpaka mimi nimekosa."

Aliiweka nyundo chini, akamega mkate uliobaki nyumbani, akanipa kwa mikono miwili. Nikala pale pale, nimesimama.

Majibu ya vipimo bado. Dirishani leo hakuna foleni. Amekuja Bibi Mkunga peke yake, analalamika kwamba kipande cha jana kilikuwa kidogo. Sikufichi, bado naogopa. Lakini Mungu nimemshika na simwachii. Tuombee, Dada.

Nisalimie mumeo na wanao, hasa yule kitindamimba mtundu. Mwambie mama mkwe wako nakumbuka maombi yake. Bwana aulinde mlango wenu, mkiingia na mkitoka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mama wa Tanuri.

Tanuri bado limesimama, na sasa hivi linawaka.